Kilo za Mdomoni na Kilo za Mizani: Ninavyopima Uzito wa Watu Wazima Ngamiani

"Sitini na tano." Hivyo ndivyo wengi wanavyonijibu hapa Tanga nikiwauliza uzito wao, na isipokuwa sitini na tano itakuwa sabini. Sitini na saba siisikii. Kilo za mdomoni hupenda kuishia na sifuri au tano, na hapo tu unajua mtu anakisia. Mimi ni muuguzi. Jumamosi nabeba mizani yangu nikapime watu kwenye baraza za Ngamiani. Kwa mhudumu wa afya ya jamii anayeanza kazi hii, mimi hufanya hivi.

1. Hakiki mizani kwanza. Iweke kwenye sakafu ya saruji, si juu ya mkeka wala zulia, mshale ukae kwenye sifuri. Panda, soma. Panda tena ukiwa umekumbatia katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu. Lita ya maji ni kilo moja, basi tofauti iwe kilo 18 na kidogo cha plastiki. Ikija 15, mrudishie aliyekuuzia.

2. Uliza, andika, ndipo upime. Hatua hii huwa inarukwa, na ndiyo yenye utamu wote. Usiishie kwenye "una kilo ngapi?" Ongeza: "Ulipima lini?"

Mama mmoja alinijibu 68 bila kusita. Lini? "Nilipoanza kliniki na huyu, mwanangu." Huyu mwenyewe alikuwa kasimama pembeni na sare ya shule. Mama hakudanganya, alinipa kweli ya miaka minane nyuma. Wanaume nao hunipa namba ya kijana wa mizani ya mtaani, waliyoipata wakiwa na viatu na simu mbili mfukoni.

Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watu kwa kawaida hujipunguzia kilo na kujiongezea urefu. Lakini usiende na jibu kichwani. Kwetu mtu akipungua huulizwa anaumwa nini, na wapo wanaokumbuka enzi ambazo wembamba ulikuwa ukisemewa UKIMWI. Nimekutana na wembamba kadhaa waliojiongezea kilo tano nzima.

3. Pima. Avue viatu, aweke chini mkoba, simu na funguo. Kwa urefu, visigino vikae ukutani, macho mbele, kilemba kiondoke; kama ni mwanamke, mpeleke ndani kwanza. Kiuno pima kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga: kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, zungumzeni.

Namba usiitangaze. Mwanzoni niliwahi kuisoma kwa sauti, na wanawake wawili waliokuwa foleni wakakumbuka ghafla kwamba wameacha mboga jikoni.

4. Piga hesabu ya BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, mara mbili: kwa namba za mdomoni, kisha kwa ulizopima. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama yule alisema kilo 68 na sentimita 160: inakuja 26.6, uzito uliozidi. Mizani ilisoma 76, ukuta 157: inakuja 30.8. Kuanzia 30 ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Ningeandika ya mdomoni tu, ningemweka kundi lisilo lake, na presha yake pengine nisingeitilia maanani.

5. Toa picha. Natumia michoro 9 ya miili, kutoka mwembamba hadi mnene, ya aina aliyoichapisha Albert Stunkard na wenzake mwaka 1983. Maswali ni mawili: wewe ni yupi? Ungependa uwe yupi? Nyamaza, asijibiwe na shoga zake. Mama aliweka kidole kwenye wa nne. Kwa macho yangu alikuwa wa sita. Na aliyempenda? Wa tano! Kwa hesabu yake, alikuwa bado anatafuta mwili.

Mtu wa hivyo ukimwambia "punguza uzito" unamsemesha mwingine asiyekuwepo pale. Nilimwonyesha tu namba mbili kwenye daftari, 68 na 76, nikamuuliza kama ngazi za kwake zimeanza kumchosha. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Hilo goti, mwanangu." Tukaanzia kwenye goti.

Alipokuwa akivaa makubadhi yake akanigeukia: "Hiyo sabini na sita nimeishika. Mwakani ukiniuliza sihangaiki tena na mizani yako."