Somo: Namna mkutubi wa shule anavyoweza kujiwekea malengo ya kazi yanayopimika

Mwaka wa masomo unapoanza, mkutubi wa shule hupewa fomu ya tathmini ya utendaji kazi yenye nafasi ya kuandika malengo, na mara nyingi nafasi hiyo hujazwa kwa maneno kama "kukuza utamaduni wa kusoma" au "kuboresha huduma za maktaba". Nia iliyomo katika maneno hayo ni njema, lakini mwaka ukiisha hakuna anayeweza kusema kama yametimia, si mkuu wa shule wala mkutubi mwenyewe. Somo hili linaeleza namna ya kuandika malengo yanayoanzia kwa mwanafunzi, yanayopimika kwa kumbukumbu ambazo maktaba tayari inazo, na yanayomwezesha mkutubi kupata ujuzi ambao hakuwa nao mwaka ulipoanza.

Hatua ya kwanza: Ijue hali ilivyo kabla ya kuandika chochote

Lengo lisilo na mahali pa kuanzia halipimiki, na ndiyo maana ninaitaka hatua hii ipewe muda mrefu kuliko nyingine zote. Anza na mzunguko wa vitabu. Chukua idadi ya mara ambazo vitabu vya fungu moja viliazimwa mwaka uliopita, igawanye kwa idadi ya vitabu vilivyomo katika fungu hilo. Tuseme fungu la sayansi, yaani namba 500 hadi 599 katika uainishaji wa Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba kufuata mada, lina vitabu 240 vilivyoazimwa mara 36. Mzunguko wake ni 0.15. Hadithi ziwe 400 na ziwe zimeazimwa mara 1,200. Mzunguko wake ni 3. Hesabu hiyo haielezi sababu ya tofauti, ila inakuonyesha ni rafu ipi inayostahili kuchunguzwa kwanza.

Nenda kwenye rafu hiyo, toa kitabu kimoja kimoja, tazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada uone mhuri wa mwisho uligongwa lini, kisha fungua ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa. Kitabu cha anga kinachosema kwamba sayari za mfumo wa jua ni tisa kilipitwa na wakati mwaka 2006, pale Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipoiweka Pluto katika kundi la sayari kibete. Atlasi isiyoonyesha Sudan Kusini kuwa nchi huru ilichorwa kabla ya Julai 2011. Mwanafunzi anayekuta vitabu vya namna hiyo mara mbili tatu huacha kabisa kwenda kwenye rafu ile, na mabango ya kuhimiza usomaji hayawezi kumrudisha. Andika idadi ya vitabu vilivyopitwa na wakati, vilivyochakaa na vile ambavyo havijawahi kuazimwa.

Kisha tazama kazi za wanafunzi. Mwombe mwalimu mmoja unayeelewana naye akuazime insha 20 za utafiti ambazo amekwisha kuzisahihisha, uzisome kwa jicho la mkutubi: ngapi zimetaja chanzo chochote, ngapi zimetaja mwandishi na mwaka, ngapi zimetumia chanzo zaidi ya kimoja, na ngapi zina aya nzima zilizonakiliwa kutoka kwenye tovuti ya kwanza iliyotokea katika utafutaji. Hapa ndipo kazi ya maktaba inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote, na inasikitisha kwamba wakutubi wengi hawapewi nafasi ya kuziona insha hizo. Omba nafasi hiyo. Usinakili majina ya wanafunzi katika kumbukumbu zako. Hesabu peke yake inatosha, na rekodi ya mtoto anayesoma nini ni siri ambayo mkutubi ana wajibu wa kuitunza.

Hatua ya pili: Linganisha uliyoyaona na mpango wa shule

Soma mpango wa maendeleo wa shule yako, au angalau vipaumbele ambavyo mkuu wa shule amevitangaza kwa mwaka huo, ukitafuta mahali ambapo matokeo ya uchunguzi wako yanakutana navyo. Shule ikiwa imeamua kuinua uandishi wa wanafunzi, insha 20 ulizozichunguza zinakupa hoja iliyo tayari. Lengo lililofungamana na kipaumbele cha shule hupata muda, na wakati mwingine fedha, ambavyo lengo la maktaba peke yake halivipati.

Soma pia miongozo ya taaluma. Mwongozo wa maktaba za shule wa IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, katika toleo lake la pili la mwaka 2015, unamtambua mkutubi wa shule kwa majukumu ya kufundisha, kusimamia, kuongoza na kushirikiana na wengine, na kuishirikisha jamii. Ukipitia malengo yako ya mwaka uliopita, huenda ukakuta yote yako upande wa kusimamia: kupanga rafu, kuhesabu vitabu, kubandika lebo. Kazi hizo ni za lazima, lakini zinafanyika kila mwaka zikiandikwa au zisipoandikwa, kwa hiyo ziweke katika ratiba ya kazi na uache nafasi ya malengo kwa jambo linalohitaji mabadiliko.

Hatua ya tatu: Chagua malengo machache

Mawili yanatosha, matatu ndiyo mwisho. Moja lihusu kujifunza kwa wanafunzi, moja lihusu ujuzi wako mwenyewe, na la tatu, ukiliweza, lihusu vitabu na huduma. Lile la ujuzi ndilo linaloachwa mara nyingi, ilhali ndilo linalobaki nawe hata ukihamishwa.

Hatua ya nne: Andika sentensi ya lengo

Vigezo vitano vya lengo bora vinavyofundishwa katika semina nyingi za kazi vinatokana na makala ya mwaka 1981 ya George T. Doran, mshauri wa masuala ya uongozi wa kampuni. Alitaka lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu wa kulitekeleza, liwezekane kwa nyenzo zilizopo, na liwe na muda. Baadaye wengi walikibadilisha kigezo cha tatu wakaandika kwamba lengo liweze kufikiwa, lakini kwa mkutubi wa shule kile cha awali ndicho chenye manufaa zaidi, kwa sababu karibu kila lengo letu linamtegemea mwalimu mwingine. Lengo lisilosema nani atafanya nini litakwama siku mwalimu wa somo atakapokosa kipindi cha kukupa.

Tuchukue lengo dhaifu: "Kuwafundisha wanafunzi matumizi ya vyanzo vya habari." Baada ya uchunguzi wa hatua ya kwanza, linaweza kuandikwa hivi: "Kufikia mwisho wa muhula wa pili, mimi na mwalimu wa Jiografia tutakuwa tumefundisha pamoja vipindi vinne vya kutafuta na kupima vyanzo kwa darasa moja, na katika insha 20 za utafiti za darasa hilo, insha 14 au zaidi zitataja angalau vyanzo viwili pamoja na mwandishi na mwaka, kutoka insha 5 za sasa." Sentensi ni ndefu, na haina budi kuwa ndefu. Ina mahali pa kuanzia, ina watu wanaohusika, ina kazi yenyewe, ina ushahidi na ina tarehe.

Lengo la ujuzi nalo liandikwe kwa namna hiyo hiyo. Mkutubi ambaye shule yake inatumia Koha, programu huria ya maktaba iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika Januari 2000, anaweza kuandika kwamba kufikia wiki ya nane atakuwa amejifunza kutengeneza ripoti ya mzunguko kwa kila fungu bila kusaidiwa, na kwamba atawasilisha ripoti hiyo katika kikao cha walimu mara moja kila muhula. Kuhudhuria mafunzo peke yake si lengo. Cheti kinathibitisha kwamba ulikuwepo, lakini ripoti iliyo mezani inathibitisha kwamba unaweza.

Kuhusu ugumu wa lengo, mwanasaikolojia Edwin Locke alieleza katika makala ya mwaka 1968, na tafiti nyingi zilizofuata zikamuunga mkono, kwamba lengo mahususi na gumu kiasi humfanya mtu atende vizuri zaidi kuliko kuambiwa tu ajitahidi awezavyo. Hata hivyo, kazi ikiwa ngeni na tata kwako, ni afadhali lengo la kwanza liwe la kujifunza namna ya kuifanya, na idadi zifuate baadaye. Mkutubi ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa ajiwekee kwanza lengo la kuandaa na kufundisha somo moja, kisha aombe maoni ya mwalimu aliyelitazama.

Hatua ya tano: Kubaliana na mkuu wa shule, kisha gawanya kazi

Mpelekee mkuu wa shule ukurasa mmoja wenye malengo, hali ya sasa, na unachohitaji kutoka kwake, hasa muda. Akikubali, gawanya kila lengo katika kazi za wiki na uziandike katika ratiba yako ya kawaida, zikae pamoja na kazi za kuazimisha na kupokea vitabu. Weka faili moja la ushahidi na utumbukize humo kila kitu siku ile ile kinapopatikana: mpango wa somo, hesabu za insha, ripoti ya mzunguko. Kutafuta ushahidi wa mwaka mzima usiku wa kuamkia tathmini ni mateso yasiyo ya lazima.

Hatua ya sita: Kagua katikati ya mwaka

Chunguza insha nyingine 20 katikati ya safari. Idadi ikiwa imesimama, badilisha mbinu na uandike sababu.

Maswali ya wasomaji

Swali: Mimi ni mwalimu wa somo na maktaba nimekabidhiwa kama kazi ya ziada. Nina vipindi vingi darasani. Je, somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu sana, mwalimu, ila chukua lengo moja tu. Una nafasi ambayo mkutubi wa kudumu huihangaikia, nayo ni darasa lako mwenyewe. Fanya uchunguzi wa insha kwa wanafunzi wako, fundisha matumizi ya vyanzo ndani ya vipindi vyako, na uonyeshe matokeo kwa walimu wenzako.

Swali: Maktaba yetu haina kompyuta. Mzunguko nitaupataje?

Jibu: Daftari la kuazimisha linatosha. Usihesabu mwaka mzima; chagua mwezi mmoja wa kawaida, usio wa mitihani wala likizo, na upige alama kwa kila fungu. Pima mwezi huo huo mwaka unaofuata. Ikiwa daftari halionyeshi namba ya kitabu, anza leo kuongeza safu hiyo, kwa maana bila namba huwezi kujua kitabu kilitoka fungu lipi.

Swali: Mkuu wa shule anataka lengo liwe kuongeza idadi ya vitabu vinavyoazimwa kwa asilimia 50. Nimkatalie?

Jibu: Usimkatalie, ila mwombe aongeze kipimo cha pili. Idadi ya kuazima ikiwa kipimo pekee, njia nyepesi ni kumlazimisha kila mwanafunzi atoke na kitabu kila wiki, na vitabu vitarudi bila kufunguliwa. Pendekeza idadi hiyo iambatane na mazungumzo mafupi na wanafunzi wachache kila mwezi kuhusu walichokisoma, au na idadi ya wanafunzi walioweka oda ya kitabu kwa hiari yao. Mweleze pia kwamba ukiondoa vitabu vilivyopitwa na wakati, mzunguko wa fungu utapanda hata kabla hujanunua kitabu kipya, kwa hiyo mkubaliane mapema jinsi ya kuusoma.

Swali: Mwalimu niliyekubaliana naye kufundisha pamoja amehamishwa katikati ya muhula. Lengo langu limekufa?

Jibu: Halijakufa. Andika tarehe aliyoondoka na vipindi mlivyokwisha kufundisha, kisha mtafute atakayechukua darasa lake na umwonyeshe mipango ya masomo iliyopo. Akihitaji muda wa kuzoea, omba kwa maandishi tarehe ya mwisho isogezwe hadi muhula unaofuata. Kusogeza tarehe kwa sababu inayojulikana ni halali. Kupunguza idadi kimya kimya ili ionekane kwamba lengo limetimia si halali.

Swali: Je, kuondoa vitabu kunaweza kuwa lengo? Naogopa kuonekana ninaharibu mali ya shule.

Jibu: Kunaweza, mradi lengo liseme utaratibu wote. Tafuta kwanza kanuni za shule yako kuhusu kufuta mali, andika vigezo vyako, yaani mwaka wa kuchapishwa, uchakavu, usahihi wa habari na tarehe ya mwisho ya kuazimwa, kisha wape walimu wa masomo orodha waipitie kwa wiki mbili. Kitabu kitolewe katika orodha ya maktaba na katika daftari la mali siku moja, kikiwa na saini ya aliyeidhinisha. Anza na fungu moja dogo, kama la anga na dunia, ambako makosa yanaonekana kwa macho na hakuna mwalimu atakayebisha.