Ukatili chuoni: hospitali kwanza, kuripoti utaamua baadaye

Kama umebakwa, au mpenzi wako amekupiga, kila mtu atakuuliza: unaripoti au huripoti? Swali hilo liache kwanza. Nenda hospitali. Nimemsindikiza rafiki yangu wa hosteli hapa Moshi, na muda mwingi ulipotea watu wakibishana chuo kitasemaje. Kama umebakwa, dawa za PEP, zile za kukinga VVU, lazima zianze ndani ya saa 72, kisha unazimeza siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina hadi saa 120, ila ukichelewa nguvu yake inapungua. Moshi kuna Mawenzi na KCMC. Arusha, Mount Meru. Usioge kabla ya kupimwa. Nguo ulizovaa usizifue, zitie kwenye mfuko wa karatasi, hata kama leo unaapa hutaripoti. Ukibadili mawazo wiki ijayo, ushahidi utakuwepo.

Ukiamua kwenda polisi, pagumu ni kaunta. Sisi tulitakiwa kueleza palepale, mbele ya watu waliofuata habari za simu zilizoibiwa, na rafiki yangu alinyamaza kabisa. Ikabidi turudi siku nyingine. Wewe sema tu, "Afande, naomba Dawati la Jinsia na Watoto," halafu usiongeze neno mpaka uingie ndani. Omba askari wa kike. Utapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, haiuzwi. Daktari anaijaza, anasaini na kugonga muhuri. Itoe kopi kabla hujairudisha kituoni. Hospitali wakikuambia hawakugusi bila PF3, sisitiza PEP ianze, fomu ifuate.

Jambo moja lipime vizuri kabla hujatoa maelezo: kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si yako, kwa hiyo huwezi kuifuta tu siku ukichoka. Na mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka, kifungo hakipungui miaka 30, ndiyo maana ndugu zake watakuja mbio kutaka myamalize kifamilia. Ukiwaona, usiwe peke yako. Wala usikate tamaa kwa kuwa hakuna aliyeona. Katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi bora wa kosa la namna hii hutoka kwa aliyetendewa.

Njia ya chuo ni nyingine, na unaweza kuifuata bila polisi au pamoja nao. Anzia dawati la jinsia la chuo, au kwa mshauri wa wanafunzi. Chuo hakifungi mtu jela, ila kinaweza kumfukuza, na kukuhamisha wewe chumba ili msikutane. Kwangu mimi, kama bado mnaishi hosteli moja, hilo la chumba liombe siku hiyohiyo. Mhadhiri anayetaka ngono ndipo akupe maksi ni suala la TAKUKURU pia, taasisi ya kupambana na rushwa, piga 113, hailipiwi. Meseji zake usizifute. Malalamiko ya chuo yaandike, yapeleke masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka dirishani.