Kabla hujakwenda kikao cha kwanza cha kuacha pombe: kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba

La kwanza ni mwili wako. Mtu anayekunywa kila siku, na asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate kidogo, asiache ghafla peke yake nyumbani. Kuacha pombe namna hiyo kunaweza kuua. Jasho, mtetemo na kukosa usingizi huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo mara nyingi huja kati ya siku ya 2 na ya 4.

Nalitanguliza hili kwa sababu ya Ramadhani. Wapo wanaokunywa mpaka usiku wa kuandama mwezi, kisha wanaacha papo hapo. Nia hiyo ni njema sana, Mwenyezi Mungu aikubali, lakini anayekunywa sana amuone daktari wiki chache kabla: Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu kwa Unguja, na kwa Pemba hospitali ya Chake Chake, Wete au Mkoani. Mwambie daktari kiasi unachokunywa kweli, bila kupunguza, na kama ni gongo sema ni gongo. Zipo dawa za kukuvusha siku zile, pamoja na vitamini B1.

Sasa kikao chenyewe. Vikao vya walevi kusaidiana vilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alipokutana na daktari Bob Smith, wote wawili wakisumbuliwa na pombe. Ndiyo Alcoholics Anonymous, na hatua zake 12 zilichapishwa mwaka 1939. Narcotics Anonymous, ya watu wa dawa za kulevya, ilifuata mwaka 1953. Kwetu Zanzibar, waliobeba kazi hii zaidi ni walioacha unga, kupitia soba hausi, yaani nyumba wanazolala watu wanaoacha ulevi, kwa hiyo kikao kilicho karibu nawe huenda kimejaa vijana wa unga na wewe ni mtu wa bia. Usigeukie mlangoni. Kwao pombe ni dawa ya kulevya kama nyengine, na sharti la kukaa nao ni kutaka kuacha, basi. Ada hakuna, kikapu kikipita, asiye nacho hatoi.

Uliza mapema, kwa simu au kwa kumtuma unayemuamini: kikao ni cha wazi, au cha waraibu peke yao? Asiyelala soba hausi anaruhusiwa? Kinaanza saa ngapi, na Ramadhani kinahamia baada ya tarawehe? Mwanamke aulize pia kama wapo wanawake wengine, kwa sababu mara nyingi wanaume ndio wengi, na si vibaya kwenda na dada yake kikiwa cha wazi. Anayefanya kazi hotelini Nungwi au Paje atazame kwanza zamu zake za mwezi, kisha achague kikao atakachokiweza kila wiki.

Linalowarudisha watu njiani, kwa ninavyoona, ni khofu ya kuonekana. Visiwa vyetu ni vidogo. Ukishuka daladala Mwanakwerekwe hukosi kukutana na mtoto wa ami yako. Kanuni ya kikao ni kwamba aliyekuwepo na aliyoyasema hayatoki nje, na wengi wanaitunza, lakini hakuna wa kukuapia kwamba haitavunjwa. Amua kabla: nani nyumbani atajua? Mmoja anatosha, mke, kaka au rafiki, awe anajua unapokwenda na saa ya kurudi. Wengine wakiuliza, "nakwenda kwenye matibabu yangu" ni jibu la kweli.

Wapo pia wanaoogopa kuvua sitara, kwamba Mola amewasitiri, wao waende kuyatangaza mbele za watu. Khofu hiyo naiheshimu. Hakuna anayelazimishwa kusimulia. Watu hukaa kwa duara, mmoja anasoma maandishi, kisha kila mtu anazungumza kwa zamu bila kukatizwa wala kujibiwa. Zamu ikikufikia sema "leo nasikiliza", nayo inapita kwa mwengine. Siku utakayozungumza, taja shida uliyonayo sasa, uyaache ya zamani unayotaka yabaki kati yako na Mola wako. Hatua zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu. Si kanisa wala dini mpya, na magharibi ikiingia hakuna wa kukuzuia usitoke ukasali.

Asiye na kikao karibu, hasa mashamba ya Pemba, anaweza kuingia vya intaneti, ingawa vingi ni vya Kiingereza. Kabla hujabonyeza kuingia, badilisha jina linalotokea kwenye skrini, zima kamera, vaa spika za masikioni.

Ukiwa umekunywa mchana ule, bado nenda, ukae usikilize. Na usiondoke bila namba za simu za watu wawili au watatu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Waulize kabisa kama watapokea sikukuu ya Idi, maana siku hizo ndizo wengi wanaporudia, na mwaliko wa kunywa hufika mapema kuliko kikao kinachofuata.