Namna ya kuzuia homa ya dengi nyumbani

Homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye huuma zaidi mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Kila wiki mwaga maji yaliyotuama katika ndoo, madumu na matairi uani, kisha sugua kuta za ndani za vyombo hivyo kwa brashi, kwa kuwa mayai ya mbu hugandia juu kidogo ya usawa wa maji na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri mvua. Kumwaga tu, kwa kweli, ni kazi nusu. Funika simtanki. Ukishikwa na homa, nenda kapime, na usimeze aspirini wala diklofenaki, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu.