Namna ya kutengeneza filimu yako hapa Lushi na telefone tu

Vijana wengi wa Lubumbashi wananiuliza kamera gani wanunue njo waanze filimu, na mimi naomba wasinunue kamera kwanza. Anza na telefone iko mu mfuko yako, na kapesa kako kadogo weka yote ku sauti. Picha ikikuwa na giza kidogo mama wa Katuba ataendelea kuangalia, lakini kama hasikii bibi-arusi anasema nini atasimama aende kusonga bukari, na hautamuona tena.

Wanaijeria hawakuanza na vyombo vikubwa. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue, mufanyabiashara wa kaseti, alitoa filimu Living in Bondage, ku video moja kwa moja, mu Kiigbo, bila kupita ku sinema, watu wakainunua wakaangalia kwao nyumbani. Ukitaka kujua ile kitu ilifika wapi, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, ilihesabu filimu za mwaka 2006: India 1,091, Nijeria 872, Marekani 485. Na pale Kampala, mu mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alikuwa anafyatua matofali, leo anatengeneza filimu za mapigano na kompyuta ameunga yeye mwenyewe.

Na sisi tuko na mizizi yetu, watu wanasahau. Groupe Mufwankolo, kikundi cha teatre cha hapa Lubumbashi, walicheza ku redio na ku televisheni mu Kiswahili chetu cha hapa, na namna yao ya kazi ni masomo ya bure: wanakamata wazo, wanalizungumuza pamoja, wanagawana nafasi, halafu kila mutu anatafuta maneno yake mwenyewe. Basi fanya hivyo. Usiandike dialogi yote kwa Kifaransa kisha utafsiri, utasikia watu wanaongea kama wanasoma barua ya ofisi. Andika ukurasa moja tu: sini ya kwanza fulani anadai deni, sini ya pili shangazi anafika, hivyo hivyo mpaka mwisho. Waigizaji wazungumuze, wacheze mara moja bila kamera, halafu ufilme.

Hadithi yenyewe ikae mu nyumba moja na kiwanja chake, watu wane ao watano, dakika 20. Ugomvi wa parcelle, mali ya ndoa, mutoto anataka kwenda kuchimba na baba anakataa, hizo ni hadithi hazina haja ya gari wala bunduki. Waigizaji watafute ku korali na ku vikundi vya teatre vya kanisa, wale wamezoea kusimama mbele ya watu na wanafika ku repetisyo.

Sasa kufilma. Chagua kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, sababu mvua ikipiga ku mabati hakuna dialogi tena. Filma asubui na kuelekea jioni, saa sita jua linakata uso nusu nyeusi nusu nyeupe. Weka telefone ku mode avion, maana mutu akikuita mu katikati ya sini sini imekufa. Mu programu ya kamera weka picha 25 kwa sekonde na spidi ya 1/50 (muda kamera inafungua jicho kwa kila picha), sababu kuranti yetu ni ya 50 Hz, ni kusema inapiga mara 50 kwa sekonde, ukiweka 30 taa za ndani zinaweza kuanza kucheza-cheza mu picha. Egemeza telefone ku kitu, hata kiti na mufuko wa muchanga, mikono itatetemeka tu.

Sauti, hapa usifanye haraka. Chukua telefone ya pili, chomeka ekuteri yenye mikro, pitisha uzi ndani ya nguo ya mwigizaji, mikro ifike chini ya kola, ifunge na kibandiko ili isisugue kitambaa, halafu washa kurekodi. Mutu moja asimame mbele ya kamera apige makofi mara moja, PA, kwa nguvu: ku montaji (kazi ya kukata na kuunga picha na sauti) utatafuta ile PA ku sauti na ile mikono inakutana ku picha, unazipanga pamoja na midomo inaenda sawa. Kila sini ikiisha wote wanyamaze sekonde 30 na urekodi kimya ya ile chumba, itaziba mashimo ku montaji. Delestaji ikianza, kuranti ikatwe, na jirani awashe groupe (jenereta) yake, zungumuza naye vizuri, ao hama chumba, usijidanganye kwamba utaitoa ile kelele kisha.

Mbele ya kufilma ku barabara enda kwa shefu wa kartie na karatasi, eleza. Kambi za askari na migodi usizielekeze kamera hata kidogo. Na waigizaji hata kama ni ndugu zako muandikiane: chakula, transport, na kama pesa ikiingia kila mutu anapata sehemu gani. Vikundi vingi vinavunjika hapa, na inaniuma sana kuona watu wenye talanta hawasalimiane tena.

Montaji utafanya ku programu ya telefone CapCut ao, kama uko na kompyuta nzuri, DaVinci Resolve ya bure. Usiweke rumba ya mutu, tafuta mupiga gitaa wa kartie akutungie. Ile umefilma ifanyie kopi mbili kila siku, moja ilale kwa mutu mwingine.

Usirushe yote ku YouTube siku ya kwanza. Omba sali (ukumbi) ya paroki ao uwanja wa shule, weka bafle, lipisha bei ya beinye moja. Kaa nyuma uangalie watu, wakianza kuzungumuza kati yao andika ni dakika gani, pale njo utakata. Kisha peleka kwa wale vijana wanajazia watu muziki ku telefone, mupatane bei kwa kila kopi. Pesa ya sali igawe usiku ule ule, mbele ya wote, na karatasi mukononi.