Meza ya chakula imeweka alama nyeupe au laka imebanduka? Usikimbilie msasa

Jamani kabla hujampigia fundi aje aipige msasa meza yote naomba usome hii kwanza, maana meza nyingi za mninga na mkongo zinaharibiwa na matengenezo kuliko zilivyoharibiwa na chai. Mi nina ya mninga ya watu sita, mama aliinunua Keko pale Dar nikiwa bado shule ya msingi, na siku moja wakati wa futari sufuria la uji likawekwa juu yake hivohivo bila kitambaa, dakika chache tu, kuliinua kumebaki duara jeupe kama limechorwa kwa chaki. Nikapaka mafuta ya nazi likapotea, nikafurahi, keshokutwa yake likarudi vilevile. Mafuta yanaficha tu, yakikauka ukungu unaonekana tena.

Kwanza ujue kilichoharibika ni kile kinachofunika mbao (laka au vanishi) au ni mbao yenyewe. Alama nyeupe maana yake unyevu umenasa ndani ya laka, mbao chini iko salama kabisa, hii inatoka bila msasa wowote. Alama nyeusi ni habari nyingine, hapo maji yameshapenya mpaka kwenye mbao, na mara nyingi kulikuwa na chuma, kopo la bati au mguu wa feni, kwa sababu mbao ina tanini, kemikali yake ya asili, na tanini ikikutana na chuma penye maji inageuka nyeusi kama wino. Nyeusi hata ufute laka wiki nzima haitoki.

Pili ujue ilipakwa nini. Chukua pamba kwenye kijiti, chovya spiriti, gusa sehemu isiyoonekana kama upande wa ndani wa mguu, subiri kama nusu dakika. Ikinata ni polishi ya zamani ya spiriti. Isiponata rudia kwa thina, ikilainika na kunata ni laka ya kawaida, na meza nyingi za mafundi wetu ndo hiyo. Vyote viwili visipofanya kitu basi ni vanishi ngumu ya poliyurethani au ile laka inayochanganywa na dawa ya kukaza. Usiruke hatua hii, kwa sababu laka mpya inayeyusha ile ya zamani kidogo zikashikana kuwa kitu kimoja, kwa hiyo unaweza kutibu sehemu ndogo tu, lakini vanishi ngumu haiyeyuki, ukipaka juu yake bila kuikwaruza kwanza kwa msasa, ile mpya itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Sasa lile duara jeupe. Weka kitambaa safi cha pamba kikavu juu yake, pasi moto mdogo kabisa bila mvuke, gusa sekunde tatu nne, inua, angalia. Rudia. Usiiache pasi ikae hata kidogo, laka inalainika na nyuzi za kitambaa zitajichapa humo. Langu lilianza kufifia kama mara ya sita hivi, ukingo wa nje ndo ulitangulia kuondoka halafu katikati. Pakibaki ukungu, na meza yako ni ya laka au polishi ya spiriti, loweka kitambaa na spiriti kisha kikamue mpaka ukigusa mkono unasikia ubaridi tu bila maji, pitisha haraka haraka mkono ukiwa unatembea, usisimame hata sekunde moja. Watu wanapenda kusema dawa ya meno, ni kweli inasaidia ila inafanya kazi kwa kusugua, ni msasa mlaini ule, utabaki na doa lililofubaa katikati ya meza inayong'aa, iwe ya mwisho kabisa.

Mikwaruzo midogo unaweza kuificha na dawa ya viatu ya kahawia, unasugua, unafuta. Ila kama una mpango wa kupaka laka baadae usiguse kabisa dawa ya viatu, nta yake inazuia laka kushika.

Kama laka imebanduka vipande vipande au kuna nyeusi, hapo ndo msasa. Lakini chungulia ukingo wa meza kwanza: nyuzi za juu zikishuka mpaka pembeni ni mbao nzima, ukiona kama karatasi nyembamba imebandikwa juu ya kitu kingine ni vinia, mara nyingi haifiki hata milimita moja, usiweke mashine hapo, mkono tu na msasa namba 240 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi). Mbao nzima anza na 120, halafu 180, halafu 240, daima kufuata nyuzi, ukikata kinyume mikwaruzo itajitokeza ukishapaka laka na sio kabla. Vaa barakoa tafadhali, vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua.

Doa jeusi lililobaki litibu na asidi ya oksaliki, inapatikana maduka ya kemikali. Vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji ya moto, chombo cha plastiki sio cha chuma, paka ubao wote wa juu sio doa tu, la sivyo utabaki na baka jeupe. Acha ikauke, suuza kwa maji mara mbili tatu, ngoja siku nzima. Ni sumu hiyo, glovu lazima, watoto mbali, na usipige msasa kabla hujaisuuza.

Kupaka: sanding sila (ile ya kwanza ya kuziba vitundu vya mbao) mkono mmoja au miwili, yaani kupaka mara moja au mbili, ikikauka pitisha 320 kidogo tu mpaka uso uwe laini kama ganda la yai, futa vumbi lote, halafu laka iliyopunguzwa na thina, mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Jiko la mkaa na la gesi viwe mbali kabisa, mvuke wa thina unashika moto. Na kwa watu wa Dar, Tanga na Mombasa, usipake masika mvua ikinyesha wala usiku, hewa ikiwa na unyevu mwingi laka inakauka na weupe kama maziwa, fundi mmoja alinifanyia hivo mwezi wa nne tukalazimika kurudia. Asubuhi saa nne hivi jua likishatoka ndo muda mzuri.

Laka ukiigusa utaona imekauka ndani ya saa moja, lakini chini bado laini, sahani za moto ngoja wiki mbili. Na kile kitambaa cha nailoni chenye maua tunachokipenda wote kisirudi mezani kabla ya mwezi, kinagandana na laka mpya na siku ukikivuta unavuta na laka, weka cha pamba.