Namna ya kujiandaa kwa msafara wa kibiashara ili upate mshirika anayefaa katika nchi nyingine

Msafara wa kibiashara ni safari inayoandaliwa na wizara, ubalozi, mamlaka ya kukuza biashara ya nje au chama cha wafanyabiashara, ambapo kundi la kampuni hupelekwa katika nchi nyingine na kukutanishwa, kwa miadi iliyopangwa mapema, na kampuni za huko zinazoweza kununua, kusambaza au kuzalisha bidhaa pamoja nazo. Faida yake kubwa ni kwamba kampuni ngeni hupokewa kwa heshima ya taasisi iliyoiambatanisha, jambo ambalo barua pepe iliyotumwa na mtu asiyejulikana haiwezi kulipata. Mwongozo huu unamlenga mwenye kampuni anayejiunga na msafara kwa mara ya kwanza, na msisitizo wake ni mmoja: kabla ya kuandika lolote kuhusu bidhaa yako, andika wasifu wa mshirika unayemtafuta.

Nasema hivyo kwa sababu kampuni nyingi hujaza fomu ya maombi kwa kurasa za sifa za bidhaa, kisha mahali panapouliza aina ya mshirika huandika neno moja tu, "wanunuzi" au "wasambazaji". Fomu hiyo ndiyo mwambata wa biashara wa ubalozi, au mshauri aliyekodiwa katika nchi husika, atakayoitumia kukutafutia miadi, na akipewa neno moja atakuletea yeyote aliyekubali kuja. Wasifu unaofaa hueleza mshirika auze kwa nani tayari, awe na ghala au magari ya aina gani, awe na mafundi wa kuhudumia bidhaa baada ya mauzo au la, afike katika mikoa ipi ya nchi yake, na bidhaa zipi asiwe nazo kwa sababu zinashindana na yako. Ukurasa mmoja unatosha, lakini uandikwe na watu wanaowajua wateja wako wa sasa, maana mshirika mzuri ugenini mara nyingi hufanana na yule anayekuuzia vizuri nyumbani.

Katika wasifu huo amua pia kama unataka wakala au msambazaji, kwa kuwa hawa wawili huchanganywa sana. Wakala hutafuta wateja kwa niaba yako na kulipwa kamisheni. Wewe ndiye unayeuza, unayepanga bei na unayebeba hasara mteja asipolipa. Msambazaji hununua kwa jina lake, huhifadhi mzigo ghalani kwake na kuuza kwa bei anayoipanga, hivyo hatari ya soko hilo ni yake, na vivyo hivyo uamuzi. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria: katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, maelekezo ya mwaka 1986 kuhusu mawakala wa biashara humpa wakala haki ya kudai fidia mkataba unapovunjwa, na haki hiyo haiondolewi kwa kuandika tu katika mkataba kwamba haipo. Anayemwita mtu wakala kwa mazoea tu anaweza kujikuta akidaiwa fidia ambayo hakuipangia.

Wasifu ukishakamilika, tafuta namba ya bidhaa yako katika mfumo wa uainishaji unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu 6 za mwanzo za namba hiyo ni za pamoja kwa nchi zote zinazoufuata, na kila nchi huweza kuongeza tarakimu zake mwishoni. Kwa namba hiyo utaweza kuangalia ushuru unaotozwa, vibali vinavyohitajika, na kama kuna mkataba wa biashara unaopunguza ushuru kwa bidhaa yenye cheti cha uasili, yaani hati inayothibitisha imezalishwa nchi gani. Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva kina hifadhidata iitwayo Trade Map, ambayo huonyesha nchi fulani hununua bidhaa hiyo kutoka wapi na kwa thamani gani. Ukiona kwamba karibu bidhaa yote hutoka kwa jirani asiyetozwa ushuru wakati wewe unatozwa, ni afadhali kuahirisha safari kuliko kwenda kuambiwa jambo hilo na kila unayekutana naye.

Bei nayo iandaliwe kabla ya kuondoka. Mnunuzi wa nje atataka kujua bei inaishia wapi, yaani nani analipa usafiri, bima na forodha, na hatari inahama kutoka kwako kwenda kwake mahali gani. Masharti ya Incoterms, yanayotolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris na ambayo toleo la 2020 lina masharti 11, yametungwa kujibu maswali hayo. Andaa angalau bei mbili, moja ya mzigo unaokabidhiwa katika nchi yako na nyingine ya mzigo uliofikishwa bandarini au ghalani kwa mnunuzi, na utaje sharti, mahali na toleo.

Jambo ambalo ningependa lisiachwe hata kama muda ni mfupi ni kusajili alama ya biashara. Hutokea mara kwa mara kwamba mshirika mtarajiwa husajili chapa ya mgeni kwa jina lake mwenyewe, na siku wanapoachana mwenye bidhaa hujikuta haruhusiwi kuuza kwa jina alilolibuni. Nchi nyingi humpa haki aliyetangulia kusajili, si aliyetangulia kutumia. Kupitia mfumo wa Madrid, unaosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ombi moja linaweza kuelekezwa katika nchi kadhaa, ilimradi nchi yako na nchi unayokwenda ni wanachama. Ikiwa umeshaomba usajili nyumbani, Mkataba wa Paris wa 1883 hukupa miezi 6 ya kuomba kwingine huku tarehe yako ya mwanzo ikiheshimiwa.

Kuhusu sampuli, uliza mapema kama nchi hiyo inakubali hati ya forodha iitwayo ATA, ambayo huruhusu sampuli kuingia na kutoka bila ushuru kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Hati hiyo haifai kwa vitu vitakavyoliwa, kugawiwa au kuuzwa huko.

Kabla ya kulipa ada, waulize waandaaji nani anachagua kampuni utakazokutana nazo, orodha utaipata lini, na kama unaruhusiwa kukataa zisizolingana na wasifu wako. Msafara wa sekta moja huwa na manufaa zaidi kuliko ule unaochanganya kila aina ya biashara nyuma ya kiongozi mkubwa wa serikali, ingawa huu wa pili unaweza kumfaa anayehitaji vibali au zabuni za umma. Orodha ikifika, isome kampuni kwa kampuni. Mpeleke mtu mwenye mamlaka ya kujadili bei na kiasi, kwa sababu mjumbe anayejibu kila swali kwa kusema atauliza ofisini huwachosha wenyeji.

Mikutano yenyewe ni mifupi, mara nyingi nusu saa hadi saa moja, na mkalimani akiwepo nusu ya muda huo huenda kwa tafsiri. Kwa hiyo eleza kampuni yako kwa dakika chache, kisha uulize. Anauza chapa zipi sasa, na kwa nini anataka kuongeza yako? Wauzaji wake wangapi wataishughulikia? Mauzo ya mwaka wa kwanza anayakadiria vipi, na kwa hesabu gani? Msambazaji makini atakuuliza nawe kuhusu uwezo wa uzalishaji, muda wa kufikisha mzigo na masharti ya dhamana. Asiyeuliza lolote ila haki ya kuuza peke yake nchi nzima anastahili kuangaliwa kwa makini. Haki hiyo usiiahidi mezani, hata kwa heshima. Andika kumbukumbu mara tu mkutano unapokwisha, ukimpima kila mmoja kwa wasifu ule ule, na uombe kutembelea ghala la yule aliyekuridhisha zaidi, kwani ghala huonyesha mengi ambayo vipeperushi huficha.

Ukirudi, tuma ndani ya wiki moja kila ulichoahidi. Wakati huohuo thibitisha usajili wa kampuni katika daftari la nchi yake, ujue wamiliki wake, na uzungumze na wazalishaji wengine wanaoiuzia bidhaa, wakiwemo walioacha. Hati ya makubaliano iliyotiwa saini mbele ya kamera haichukui nafasi ya uchunguzi huu. Anza na oda ya majaribio inayolipwa kabla, au kwa utaratibu ambao benki ya mnunuzi huahidi kulipa pindi nyaraka sahihi zinapowasilishwa. Mkataba kamili uje baada ya hapo, na kama utampa haki ya kuuza peke yake, iwe ya eneo na muda maalumu na iambatane na kiwango cha chini cha manunuzi. Taja sheria itakayotumika, ukikumbuka kwamba nchi zote mbili zikiwa wanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, mkataba huo hutumika wenyewe msipokubaliana kuuondoa. Kwa migogoro, usuluhishi huwa na faida kuliko mahakama, kwa kuwa Mkataba wa New York wa 1958, wenye nchi wanachama zaidi ya 170, huwezesha uamuzi wa wasuluhishi kutekelezwa ugenini.

Wale ambao hukuwachagua waandikie kwa uwazi na shukrani, kisha utunze kumbukumbu zao. Oda ya majaribio isipofanikiwa, utamrudia wa pili katika orodha bila kusubiri msafara mwingine.